Mashudu ya zeituni kwa kuku wa nyama: nilichokiona ndani ya gunia na ndani ya banda

Wafugaji wenzangu wa hapa Barka, Omani, na wa kule Suwaiq wamekuwa wakiniuliza juu ya yale magunia ya mashudu ya zeituni, kwa kuwa pikapu ya muuzaji imeonekana mlangoni kwangu mara kwa mara tangu baridi ianze. Nitasema mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Ukiyatia asilimia 5 katika chakula cha kumalizia, kile cha wiki za mwisho kabla ya kuchinja, ni kitu kizuri na nunua, ila si kwa kutafuta kupunguza gharama. Ukifuata maneno ya muuzaji ukatia asilimia 20 na kupunguza soya, utakuwa na kuku walioshiba na wasiokua. Yanayofuata ni kwa anayetaka kujua kwa nini.

Mimi nafuga kuku wa nyama katika shamba dogo la mitende alilotuachia marehemu baba watoto. Banda ni moja, lina mafeni upande mmoja na pedi za maji upande wa pili, maana bila ya hivyo Batina, ukanda wetu huu wa pwani, kwa joto la mwezi wa Juni si pahala pa kuku wa nyama. Vifaranga vyangu ni Ross 308, aina ya kuku wa nyama wanaokua upesi. Chakula nachanganya mwenyewe: mahindi ya manjano, mashudu ya soya, mafuta, chokaa, DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi), premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini). Watu hunishangaa, kwani chakula cha tayari kimejaa madukani, ila mimi nimekulia Ng'ambo, Unguja, kwa mama aliyekuwa akiwatilia kuku wake mashudu ya nazi kutoka kinuni, na hakuwahi kununua kitu asichokijua kimetoka wapi. Tabia hiyo nimekuja nayo Omani. Wateja wangu ni majirani, pamoja na watu wa Seeb wanaoagiza kuku wengi pakiwa na harusi au khitma. Wengi wao ni Waswahili wenzangu, na ulimi wao haudanganyiki: kuku akiwa na harufu ya dagaa watakupigia simu kabla sufuria halijapoa.

Basi tuje kwenye gunia. Ni la kilo 25, la plastiki jeupe lililofumwa, na ndani lina mfuko wa nailoni. Nje pamechorwa tawi la mzeituni na maneno ya Kiarabu kwamba huu ni mti wenye baraka. Hilo halina mjadala, zeituni imetajwa katika Qur-ani. Lakini kifaranga wa siku 20 anataka protini na nishati, na hizo zimeandikwa nyuma kwa herufi ndogo: protini 8, mafuta 10, nyuzinyuzi 28, unyevu 8, zote kwa asilimia. Riali 2 na baisa 200 gunia (riali moja ni baisa elfu), mpaka mlangoni.

Nilipolifungua, harufu iliyonipokea ilikuwa ya mafuta ya zeituni yasiyochujwa, na nyuma yake uchachu kidogo wa tunda. Hiyo ndiyo harufu unayoitaka. Rangi yake kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Ukiyasugua kwenye kiganja yanaacha mng'aro, na utahisi chembe za aina mbili. Kuna vipande vyepesi vya ngozi na nyama ya tunda, hivi vinavunjika kwa kidole. Na kuna punje ngumu za kokwa zinazokwaruza. Niliitia punje moja kinywani nikajaribu kuitafuna, jino likakataa.

Hapo nikafanya jaribio ambalo nawashauri nyote mlifanye kabla ya kutoa pesa. Chukua gilasi ya maji, tia kiganja kimoja cha mashudu, koroga, uache dakika chache. Ngozi na nyama ya tunda hubaki juu kwa muda, kwani ni nyepesi na zina mafuta. Kokwa huzama moja kwa moja. Ukitazama chini ya gilasi utajua umeuziwa chakula kiasi gani na mti kiasi gani. La kwangu lilikuwa na tabaka jembamba la kokwa chini, si zaidi ya unene wa kidole cha mwisho cha mtoto, kwa hiyo yalikuwa yamepepetwa kweli kama alivyosema muuzaji. Jirani yangu alinunua kwa mtu mwengine, kwa bei ndogo zaidi, na gilasi yake ilijaa kokwa nusu nzima. Yeye aliona amepata nafuu.

Suala la kokwa ndilo kubwa katika bidhaa hii, na linaeleweka ukijua zeituni zinavyokamuliwa. Zeituni haimenywi. Inasagwa nzima, na kokwa yake ndani, ikawa uji mzito. Uji unakorogwa polepole ili matone ya mafuta yakutane. Kisha unatiwa katika mashine inayozunguka kwa kasi na kutenganisha mafuta na mengine yote. Katika kilo 100 za zeituni utapata mafuta kilo 15 mpaka 20, pengine zaidi kidogo kama mwaka ni mzuri. Zilizobaki zote ni mashudu na maji meusi machungu. Mashine za zamani kidogo hutoa vitu vitatu mbalimbali: mafuta, maji, na mashudu ambayo nusu yake ni unyevu. Zile wanazozipenda Hispania hutoa viwili tu, yaani mafuta na tope zito ambalo zaidi ya asilimia 60 ni maji. Tope hilo usiliguse kwa kuku, hata ukipewa bure, kwa sababu kulikausha ni gharama na lisipokaushwa upesi linaoza.

Kwa nchi zenye mizeituni hili ni tatizo la kila mwaka. Yale maji meusi yakimwagwa mtoni au shambani yanaua mimea na kunuka. Mashudu yenyewe, huko Yordani na Palestina wanayaita jifti, na watu wanayakandamiza kuwa magogo ya kutia katika majiko ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi. Nilipomtajia muuzaji habari hiyo alicheka. Maana ya habari hiyo ni kwamba kama kokwa hazikuondolewa, mimi nalisha kuku kuni. Kokwa ni mti mtupu, na kuku hana tumbo la ng'ombe la kuuyeyusha. Mbuzi na kondoo wanayamudu mashudu haya kwa kiwango kikubwa. Kuku wa nyama utumbo wake mfupi na maisha yake mafupi, chakula kinapita mwilini mwake kwa saa chache tu.

Muuzaji ni kijana mwenye adabu, mama yake mtu wa Pemba, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Lakini biashara imemfundisha kusema sana.

"Mama, hii unaondoa soya, unatia hii. Asilimia 20 bila ya wasiwasi. Wenzako wanafanya."

"Mwanangu, soya ina protini 46. Yako umeandika 8."

"Hiyo protini ya zeituni nzito, mama."

"Nzito kwa mizani ipi?"

Akacheka, akaniuliza kama nilikuwa nikisomesha hesabu. Nikamwambia nilikuwa nikisomesha sayansi skuli ya wasichana, na kwamba hesabu hii haitaki hata mwalimu. Chakula cha kumalizia cha kuku wa nyama kinataka protini kama 18 au 19 katika mia, na nyuzinyuzi zisizidi 4 au 5. Mahindi na soya peke yake vinakuletea nyuzinyuzi karibu 3. Ukitia mashudu haya 5 katika mia, unaongeza kama 1.4, umefika 4 na kitu, bado uko salama. Ukitia 20 unaongeza zaidi ya 5, na sasa chakula chako ni cha sungura. Tena hiyo protini kidogo iliyomo ina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino zinazounda protini, ambayo kuku wa nyama anaihitaji sana kujenga kifua.

Kwa wanaotaka mchanganyiko wangu, huu hapa, kwa kilo 100 za chakula cha kumalizia: mahindi 58, soya 30, mashudu ya zeituni 5, mafuta ya kula 3, DCP 1.6, chokaa 1.2, premiksi 0.5, laisini na methionini (asidi amino nyengine) kwa pamoja 0.4, chumvi 0.3. Protini inatoka kama 19. Nishati iko chini kidogo ya ile ambayo vitabu vya Ross vinataka, na kuku hufidia kwa kula zaidi kidogo. Vifaranga wa siku za mwanzo siwapi kabisa. Wiki mbili za kwanza wanapata chakula cha kuanzia kisichochezewa, ndipo nawaingizia taratibu, nikianza na 2 katika mia.

Nililigawa kundi kwa wavu katikati ya banda, upande mmoja chakula changu cha siku zote, upande wa pili chenye asilimia 5. Siku ya kwanza upande wa mashudu walichagua. Kuku wa nyama watu husema hawana akili, lakini waliyapitisha mahindi na kuacha unga mweusi chini ya chombo, na kijana wa Kibangladeshi anayenisaidia bandani alikuja kuniambia kuwa chakula kimeharibika. Dawa yake ikawa kusaga mahindi laini zaidi na kuyachanganya mashudu na yale mafuta ya kula kwanza, mpaka yakagandamana na unga, kisha ndipo kutia soya na vyengine. Kuanzia hapo walikula bila ya kuchagua. Vumbi pia likapungua, jambo ambalo mapafu yangu yalishukuru.

Siku ya 35 tulipima. Upande wa kawaida walikuwa wastani wa kilo 2.1. Upande wa mashudu walikuwa nyuma kwa gramu 30 hivi, tofauti ambayo mizani yangu ya sokoni haiwezi kuiapia. Chakula kilikwenda zaidi kidogo upande wa mashudu, kama nilivyotaraji. Katika kundi jengine nikapandisha mpaka asilimia 10, na hapo tofauti haikuhitaji mizani: walikuwa wembamba kifuani na hawakulingana, wakubwa kwa wadogo. Wataalamu wa Italia, Ugiriki, Tunisia na Yordani wamelijaribu jambo hili kwa miaka mingi, na kwa jumla yanayotoka katika majaribio yao yanafanana na haya ya banda langu. Kwenye asilimia 5 mambo huwa sawa. Kwenye 10 inategemea kokwa zimeondolewa vipi na chakula kimepigiwa hesabu vipi. Juu ya hapo ukuaji unashuka.

Sasa nitaje yaliyonifurahisha, kwani yapo.

La kwanza, sakafu. Maranda upande wa mashudu yalikaa makavu zaidi. Kinyesi kilikuwa kigumu, na harufu ya amonia ya asubuhi, ile inayokuchoma macho ukifungua mlango, ilikuwa ndogo. Nilifikiri ni bahati, lakini kundi la pili likawa vivyo hivyo.

La pili, firigisi. Mimi kuku nawachinja na kuwasafisha hapa hapa, kwa hiyo matumbo yao nayajua. Firigisi za upande wa mashudu zilikuwa kubwa na zenye msuli mnene, zile ambazo ukizipasua zinakataa kisu, na ndani umezikuta zile punje za kokwa zimelainika pembe zake kwa kusagwasagwa. Kuku anayekula unga laini wa mashine maisha yake yote firigisi yake inakuwa kama mfuko tu. Nyuzinyuzi ngumu kidogo zinaifanyisha kazi, na firigisi ikifanya kazi chakula kinasagika vizuri zaidi kabla ya kushuka. Faida hii haitaki zeituni hasa, hata maganda ya shayiri hufanya hivyo, ila imekuja na gunia na nimeipokea. Na wateja wangu wa firigisi za kukaanga na pilipili manga waliuliza kulikoni.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, nyama. Mafuta ya zeituni kwa sehemu kubwa ni asidi ya oleiki, aina ya mafuta yasiyoganda upesi, na kuku ni mnyama ambaye mafuta anayoyala huonekana katika yale anayoyaweka mwilini. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa laini zaidi, hayagandi kuwa meupe magumu ukimtoa frijini. Na zeituni ina zile polifenoli zake, zinazozuia mafuta kuharibika kwa hewa. Zinapotea nyingi wakati wa kukamua na kukausha, lakini si zote. Nilimweka kuku mmoja wa kila upande frizani mpaka mwezi wa tatu, kisha nikawapika kwa chumvi na tangawizi tu, pasi na nazi wala bizari ya kuficha kitu. Yule wa chakula cha kawaida alikuwa na ile harufu ya frizani mnayoijua nyote. Wa zeituni alikuwa nayo pia, lakini hafifu zaidi. Binti yangu aliyeonja bila ya kuambiwa nani ni nani alimtambua wa zeituni papo hapo. Lakini nisije nikawadanganya: kuku mbichi aliyechinjwa leo hakuna aliyeweza kutofautisha, na anayewaambia kuku wa zeituni ana ladha ya zeituni anauza maneno.

Ngozi haikuwa ya manjano zaidi. Manjano huja na mahindi. Nasema hivi kwa sababu picha iliyokuwa katika karatasi ya muuzaji ilionyesha kuku wa manjano kama embe dodo.

Tuzungumze pesa. Riali 2 na baisa 200 kwa kilo 25 ni baisa 88 kwa kilo, na mahindi nanunua baisa mia na kumi na kitu. Kwa macho unaona umeokoa. Lakini kilo 5 za mahindi unazoziondoa zilikuwa na nishati karibu mara tatu ya ile iliyomo katika kilo 5 za mashudu, na ukitaka kuirudisha nishati yote lazima uongeze mafuta ya kula kilo moja na ushei, ambayo hapa ni zaidi ya baisa 400. Umeokoa baisa 130, umetoa 400. Usipoirudisha, utailipa kwa kuku kula zaidi. Kwa hiyo ukitafuta kupunguza gharama, gunia hili si lako. Mimi nalinunua kwa ajili ya maranda makavu na kwa ajili ya wateja wanaoweka kuku frizani kwa khitma. Kwa mfugaji wa kuku elfu kumi anayeuza kwa kilo kwa dalali, sioni faida yake.

Jambo moja lililoniudhi ni gunia la mwisho wa msimu. Zeituni zinakamuliwa kuanzia Oktoba mpaka Desemba, huenda na Januari. Mashudu ya Novemba yaliyokaushwa vizuri, ukiyapata Januari, ni yale niliyoyaeleza juu. Lakini yale asilimia 10 ya mafuta yaliyobaki ndani yake hayakai kimya. Yanakutana na hewa na joto la ghala, na kufika Mei yamechacha. Nililetewa magunia mawili mwanzo wa Mei, nikafungua moja, harufu ikanipiga puani: kali, ya rangi ya mafuta ya kupakia milango. Pembeni mwa mfuko palikuwa na mabonge yenye ukungu wa kijivu. Mashudu yaliyochacha yanamaliza vitamini E ya kuku badala ya kumsaidia, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo kwa kuku ina maana ya ini na baadaye vifo. Nilimpigia simu kijana, akaja siku ya pili, akayachukua na kunirudishia pesa zote bila ya kubishana. Kwa hilo nampa haki yake. Lakini aliyapakia tena kwenye pikapu, na sijui yalikwenda kwa nani. Ukinunua mwezi wa Mei, fungua gunia mbele yake.

Waulize pia wauzaji kama mashudu yameshatolewa mafuta kwa dawa kiwandani. Yako ya aina hiyo, yanayobaki baada ya viwanda kuyakamua mara ya pili kwa kemikali ili kupata yale mafuta ya bei ndogo. Hayo mafuta yake yamebaki asilimia 2 au 3 tu, nyuzinyuzi zimepanda, na hayana maana yoyote kwa kuku wa nyama. Rangi yake imepauka na ukiyaweka juu ya karatasi nyeupe usiku kucha hayaachi doa. Ya kwangu yaliacha doa.

Kijana alinipa pia pakiti ya majani ya mzeituni yaliyosagwa, akasema yanatibu magonjwa ya kuku ya koksidia na kideri na kuongeza kinga. Majani yana oleuropeini, kitu kichungu chenye sifa zake. Nilitia kijiko katika kilo kadhaa za chakula, kuku wakala kidogo kidogo kwa sababu ya ule uchungu, nikaacha. Kideri hakitibiwi na jani. Chanjo ya kideri siku ya 7 na ya 21, Gumboro siku ya 14, maranda makavu na maji safi, ndiyo dawa ninayoijua. Pakiti iliyobaki naikoroga chai mimi mwenyewe, na asali.

Kuna watu wameniuliza kwa nini nisinunue ya hapa hapa Omani, kwani Jabal Akhdar kuna mizeituni. Ipo, na ule mzeituni wa mwituni wanaouita itm umo milimani tangu zamani. Lakini mavuno ya mlimani ni ya vishamba vya matuta, mashudu yake hayatoshi hata kwa mbuzi wa huko. Magunia haya yanatoka Yordani, na nasikia mwakani yatakuja ya Al-Jouf, kaskazini ya Saudia, ambako mizeituni ni mamilioni. Nikiyapata nitayatia kwenye gilasi.

Na binamu yangu wa Mwera, Unguja, ambaye amenitumia ujumbe wa sauti mrefu akitaka nimpelekee kontena: hapana, bibi. Mashudu ya alizeti yanayoshuka kwa jahazi na meli kutoka bara yana protini mara tatu ya haya au zaidi, na hata ya nazi yanafika kama 20. Ukilipa nauli ya meli kuleta zeituni bandarini Malindi, hapo Unguja, utakuwa umenunua kokwa kwa bei ya soya. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwangu ni kipimo cha gilasi na kuyanusa kabla ya kununua, maana mashudu ya alizeti nayo huuzwa yakiwa yamejaa maganda.

Maksi zangu, kwa wanaopenda maksi: mashudu ya Novemba yaliyopepetwa, 7 katika 10. Ya Mei, sifuri. Usafirishaji 9, kijana hufika kwa saa aliyosema na hulipandisha gunia mwenyewe juu ya mbao. Karatasi ya maelezo 2, na hizo 2 ni kwa sababu aliandika nyuzinyuzi kwa ukweli wake.

Nimemwambia asinipigie simu mpaka Disemba. Akija, magunia manne yananitosha kwa makundi ya baridi, na pesa atapokea baada ya kuyafungua yote manne.